Shemeji Aliyeandikwa Marehemu

Kuinua mtu mzima aliyepooza kuna ufundi wake, na Hubert aliujifunza bila mwalimu. Kwanza unamkunja magoti. Kisha unapitisha mkono chini ya mabega, unangoja, na pale anapotoa pumzi ndipo unamvuta kifuani kwako. Ukimvuta kabla hajatoa pumzi anakaza mwili, na uzito wake unakuwa mara mbili. Kila asubuhi hapo Karuba, ukungu ukiwa bado umelalia malisho ya ng'ombe, Hubert alimvuta mke wake Emérita namna hiyo, akamkalisha juu ya kiti cha mbao alichokitoboa mwenyewe katikati, akamwosha, akampaka mafuta, akamrudisha kitandani. Ulikuwa mwaka wa tatu wa ugonjwa. Na kwa miezi mitano ya mwisho, kila alipomvuta, kitu kilisukuma chini ya tumbo lake upande wa kulia, kama yai la kuku linalotafuta mahali pa kutokea.

Alijifunga kitambaa kiunoni, akakikaza, akaendelea na kazi.

Zamani huyu alikuwa mtu wa jibini. Miaka ishirini na sita aliamka kugeuza jibini juu ya mbao, moja moja, zisiote ukungu upande mmoja. Sasa alimgeuza Emérita, ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto, ngozi isije ikaoza. Nguo za mgonjwa alizifua mtoni mapema, kabla wanawake hawajashuka na bidoni zao za maji, kwa sababu mwanamume anayefua nguo za mke wake watu wanamtazama sana na hawamsemeshi. Waliopita barabarani walisalimu bila kusimama.

"Papa Hubert, Mama Emérita ameamuka je?"

"Ameamuka."

Basi, wamekwenda. Binti yao mmoja, Wivine, aliolewa huko Walikale, ng'ambo ya msitu. Simu ya huko ilishika siku moja ikakataa siku kumi, na siku iliposhika Hubert alisema, "Huku tuko muzuri," kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na vita, na hakuona faida ya kumliza mtoto bure.

Emérita mwenyewe hakuwa wa kuongea naye. Ugonjwa ulimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Akisikia njaa alisema, "Jene." Akisikia baridi, "Jene." Akiumwa, akitaka dirisha lifunguliwe, mvua ikianza kupiga juu ya turubai la jikoni, "Jene, Jene." Watu wakiuliza ni nini anasema, Hubert alijibu, "Ni kelele tu. Ugonjwa njo unasema."

Ndivyo alivyokuwa siku Guylain alipofika.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mabega yameinama mbele, mtu wa kabila la Wanyanga kutoka Walikale aliyesukumwa na vita mpaka huku milimani. Kwapani alishika kaye, daftari la shule. Parokia ilikuwa imemfundisha, yeye na wengine wachache, kazi ambayo kwetu haikuwa na jina.

"Mie naitwa Guylain, Papa. Ni kochi."

"Kochi wa mpira?"

"Wa maisha. Nasindikizaka watu wenye kutunza wagonjwa ndani ya nyumba."

Hubert alitazama uwanja wake: kuku mmoja, kiti kilichotobolewa kikikauka juani, kamba ya nguo. "Kochi, na timu iko wapi?"

"Timu njo tutatafuta," Guylain akasema, akaketi juu ya gogo bila kukaribishwa. "Uko na nani wa kukusaidia?"

Sasa, sikieni. Huku kwetu mtu akija na kaye hatusikii anachosema. Tunaona unga, sabuni, turubai. Tumeandikwa mara nyingi mno, tukikimbia, tukirudi, tukikimbia tena, na kila mmoja anajua kwamba anayesema ana ndugu hufutwa kwenye liste ya wanaopewa msaada, na asiye na mtu hupewa kwanza. Hubert aliinamisha macho kama alivyoyainamisha safari ile nyingine, watu wa liste walipokuja.

"Sina mutu. Ndugu za bibi yangu walikufa wote. Vita."

Kalamu haikusogea.

"Andika basi," Hubert akasema.

"Sina liste, Papa. Hakuna kitu nitakuletea. Hata sabuni."

"Sasa unapanda mulima bure?"

"Naulizaka tu. Nitarudia siku ya ine."

Hubert alimtazama akishuka, akajisemea kwamba hawa wapya wamekuwa wajanja, wanapima watu kwanza.

Alhamisi iliyofuata Guylain alikuja kweli, akaketi juu ya gogo lilelile. "Umeamuka je, Papa Hubert?"

"Ameamuka. Amekunywa uji."

"Nauliza weye."

Hubert aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, akapasua kuni zilizokuwa zimekwisha kupasuliwa, na aliporudi mgeni alikuwa bado yupo, anamwangalia kuku.

Namna hiyo alhamisi zikafuatana. Guylain hakutoa shauri hata moja, na jambo hilo lilimchosha Hubert kuliko kama angehubiri. Alikuwa na maulizo. Saa gani ya siku ni nzito kupita zingine? Kitu gani ulipendaka kufanya, ambacho umeacha? Nani alikula pamoja nawe mara ya mwisho? Mengine Hubert aliyakataa, mengine aliyajibu kwa hasira, na baada ya mgeni kwenda maulizo yalibaki ndani ya nyumba. Akawa anamgeuza Emérita huku anayajibu peke yake, kwa sauti.

Siku moja Guylain alisimulia yeye mwenyewe. Alikuwa amebeba mizigo msituni, kutoka barabara ya Walikale mpaka mgodi wa Bisie, enzi zile watu walipochimba madini kwa mikono: bia, unga, mafuta, vyote mgongoni. Kisha mama yake akaugua, naye akamtunza peke yake miaka minne mpaka alipomzika.

"Mbebaji anatembea peke yake," alisema. "Njia iko nyembamba, hamuwezi kwenda wawili sambamba. Lakini kilo makumi tano hauwezi kujitwika mwenyewe, Papa. Kila tuliposimama kupumuzika, lazima mutu akuinulie mzigo, auweke mugongoni, ukaze kamba ya kichwa, njo uende. Aliyebakia nyuma ya wengine alikuwa analala palepale na mzigo wake. Kwa mama yangu nilisahau ile. Nilijitwika mwenyewe." Akamgeukia Hubert. "Weye, nani anakutwikaka?"

Ndani ya nyumba Emérita aliita, "Jene!"

"Jene ni nani?" Guylain akauliza.

"Ni kelele tu."

"Inafanana na jina."

"Nimekuambia ni kelele!" Hubert akapaza sauti mpaka kuku akaruka. Guylain alifunga kaye yake, ambayo mpaka siku ile haikuwa na mstari mmoja ulioandikwa, akashuka.

Wiki ile uvimbe ule wa tumboni, ngiri, ulimlaza Hubert chini. Alikuwa amemwinua Emérita nusu, na yai lile likatoka lote, gumu, likakataa kurudi ndani. Alimlegeza mke wake pole pole, kisha akalala sakafuni kando ya kitanda, na wakabaki hivyo wote wawili, mmoja juu, mmoja chini, wanatazama dari moja. Ilipita labda saa nzima kabla maumivu hayajamwachia. Alijikokota mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimbonyeza, akatikisa kichwa: lazima apasuliwe, upesi, kabla utumbo haujajifunga na kumuua. Na baada ya kupasuliwa, wiki sita bila kuinua hata bidoni.

"Na bibi yangu?"

"Papa, ukikufa utamuinua namna gani?"

Alhamisi ilipofika Hubert hakungoja maulizo. "Wanataka kunipasua. Sasa kochi, uje umuinue weye wiki sita."

"Leo namuinua," Guylain akasema, na kweli aliingia, akaoneshwa, wakamwinua pamoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu Hubert alimuona mke wake akikaa bila yeye kuumia. Walipotoka nje Guylain akauliza, "Na kesho?"

Hapo ndipo Hubert alipomwambia.

Jene ni Généreuse, mdogo wake Emérita, mkulima wa viazi huko Bihambwe. Ni mzima. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa alikuwa akija kila mwezi na kikapu, anakaa siku tatu, nne, anamwosha dada yake, anamsuka nywele. Kisha wakaja watu wa liste. Hubert akasema ndugu wa mke wake wamekufa, na alipoulizwa majina, akataja la Généreuse. Akapata turubai, akapata sufuria. Lakini aliyewasaidia wale kuandika alikuwa katekista Viateur, kwa kuwa alijua nyumba zote, na katekista huyo ni mtu wa moyo mzuri: alinakili majina ya marehemu akaweka ndani ya kitabu chake cha sala. Siku ya kuwaombea wafu, mwezi wa kumi na moja, aliyasoma yote kanisani. Na Généreuse alikuwa kwenye benchi la tatu. Alikuwa amefika asubuhi ileile kutoka Bihambwe.

"Aliposikia jina lake alisimama," Hubert akasema. "Akajibu *présente*, sawa mutoto wa masomo akiitwa jina. Watu wakacheka. Kisha akatoka, akaacha kikapu kwa mulango wa kanisa. Hakurudi tena."

"Na kikapu?"

"Nilikibeba. Viazi tulikula." Alifuta uso wake kwa kiganja. "Bibi yangu alikuwa anakula na anaita Jene."

Guylain hakucheka, wala hakumhukumu. "Ukifika kwake, utasema nini?"

"Nani anakuambia naenda?"

"Hakuna mutu. Nauliza ungefika."

"Nitasema ni wale wa liste waliandika vibaya."

"Sema tena, nisikie."

Hubert akasema tena, na safari hii akajisikia mwenyewe. Uongo ule ulikuwa umechakaa. "Apana," akasema.

"Na Mama Emérita atabakia na nani siku ile?"

Hilo lilikuwa gumu kuliko Bihambwe. Hubert hakuwa amemwomba jirani hata chumvi. Ilimchukua siku mbili kuvuka ua hadi kwa Mama Uwizeye, mjane wa nyumba ya pili, aliyekuwa akipepeta maharagwe. Alimweleza huku anatazama miguu yake.

"Siku moja tu?" Mama Uwizeye akasema. "Nilifikiri unatufungiaka mulango juu unaogopa tutaiba ile turubai yako. Miaka mitatu, Hubert! Mutu anapita kwako, unajibu 'ameamuka' sawa muaskari wa barrière mwenye kufunga barabara. Tungeingia namna gani?"

Alianza safari kukiwa kunapambazuka, kitambaa kimekazwa kiunoni mara mbili, fimbo mkononi. Vilima vya Masisi kwa mbali vinaonekana laini, lakini mwenye ngiri anavijua kimoja kimoja. Alikaa chini mara nyingi. Walimpita watu wa pikipiki, watu wenye mbuzi, wanawake wenye mizigo, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ilimjia fikra kwamba angeweza kufa kando ya njia ile na jina lake lisisomwe popote.

Jua lilikuwa limepita kichwani alipofika. Généreuse alikuwa uwanjani na majirani wawili wanachagua viazi vya mbegu.

"Hodi."

"Ni nani?" Hakuinua uso.

"Hubert."

"Hubert wa Karuba? Ule mwenye kuzikaka watu bila jeneza?" Majirani wakaanza kucheka. "Unatafuta nani?"

"Natafuta Généreuse."

"Maskini, alikufa. Alisomewa ndani ya misa. Mie mwenyewe nilikuwako." Hapo wanawake wale walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Maneno aliyoyapanga na Guylain yalimtoka yote kichwani. Alisimama akiegemea fimbo, jasho linamtiririka, na yakaja mengine.

"Anakuitaka," alisema. "Ameishiwa na maneno yote, amebakia na jina lako. Akisikia njaa ni Jene. Baridi, ni Jene. Usubui mupaka mangaribi. Na mie nawaambiaka watu ni kelele tu, juu nikisema ni jina, wataniuliza mwenye jina iko wapi."

Kicheko kiliisha. Généreuse alikuwa ameshika kiazi kimoja, anakizungusha mkononi.

"Uliniua juu ya nini, Hubert?"

"Juu ya turubai. Na sufuria."

"Sufuria ya kiasi gani?"

"Ya katikati."

"Hata haikuwa kubwa," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alimweleza habari ya ngiri, ya kupasuliwa, ya wiki sita. Siku ya kwenda hospitali ni jumatatu. Hakuomba vizuri. Alisema tu kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani.

"Juu yako sitakuja," Généreuse akasema.

"Najua."

"Na sijasema nitakuja juu ya mutu mwengine."

"Nimesikia, shemeji."

Hakupewa kiti. Maji alipewa na mmoja wa wale majirani, akanywa akiwa amesimama, akashukuru, akaanza kurudi. Njia nzima alikuwa akijiuliza kama amesema lile neno, nisamehe, na alipofika Karuba alikuwa na hakika kwamba hakulisema.

Jumapili haikuleta mtu. Jumatatu asubuhi Hubert alimwinua Emérita pamoja na Mama Uwizeye, ambaye alikuwa amekubali kumshika siku mbili, si zaidi, kwa kuwa shamba lake lilikuwa linamngoja. Baada ya siku mbili itakuwaje, hakuna aliyesema. Hubert alikuwa ameweka shuka na kikombe ndani ya mfuko. Mara mbili aliutundika mfuko ukutani, mara mbili akaushusha.

Jua lilikuwa limepanda kidogo wakati Généreuse aliposimama mlangoni na mkeka wake na sufuria kichwani. Sufuria yake ilikuwa kubwa. Aliishusha jikoni chini ya lile turubai, akalitazama turubai kona hadi kona, akasema, "Linavuja." Ndiyo salamu aliyopewa Hubert. Kisha akaingia chumbani.

"Jene," Emérita akasema.

"Karibu, dada. Nimefufuka." Aliketi ukingoni mwa kitanda, akashika ule mkono mzima, na hakumtazama Hubert alipomwambia, "Onesha namna unamuinuaka."

Hubert akamwonesha. Magoti kwanza. Mkono chini ya mabega. "Ngoja apumue," akasema. "Ngoja. Sasa." Généreuse akavuta, na Emérita akapanda mwepesi, kichwa chake kikaangukia shingoni mwa mdogo wake. Kilibaki hapo. Wote wawili walikuwa wamempa Hubert mgongo.

"Kila masaa matatu unamugeuza," alisema. "Uji usiwe mzito. Dirisha anapenda..."

"Enda, Hubert."

"Shemeji, mie ile siku—"

"Utanizungumuzia ukirudia. Enda upasuliwe."

Alitoka. Haikuwa alhamisi, gogo la Guylain lilikuwa tupu. Aliishika njia na mikono ikining'inia pembeni, wala hakujua aiweke wapi.

Hospitalini muuguzi wa mapokezi alimtazama, akatazama nyuma yake. "Papa, mugonjwa iko wapi?"

Hubert naye akageuka kutazama nyuma. Kisha akasema, "Ni mie."

"Na garde-malade? Nani atakupikia, nani atakufulia?"

"Sina." Neno lilimtoka jepesi, kwa mazoea, na macho yalikuwa yamekwisha kuinama. Akayainua. "Ngoja. Wa hapa sina. Kochi anaweza kunipitia siku ya ine. Lakini niko na mutu."

"Jina. Wa kuita kama kuna jambo."

"Généreuse. Shemeji yangu. Ni wa Bihambwe, lakini sasa iko Karuba, kwangu."

Muuguzi akaandika. Hubert aliifuata kalamu mpaka iliposimama.

"Andika ni muzima."

"Papa, hapa hakuna nafasi ya kuandika ile."

"Andika tu pembeni."

Muuguzi alimtazama, akavuta pumzi, akaandika pembeni.

Alipewa kitanda cha ukutani. Wengine walikuwa na watu wao: huku mke anapepea mkaa nje, kule dada anakung'uta shuka. Alilala chali. Ilipofika saa nane, saa ya kumgeuza Emérita, mikono yake iliinuka yenyewe juu ya shuka. Aliiangalia, akairudisha chini. Kisha akajigeuza mwenyewe, pole pole, ubavu wa kushoto, akautazama ukuta.